Nilimpeleka Kaberia kwa Daktari wa Akili Nairobi, Akanichoma

Hakuna mtu Embu nzima anaijua Nairobi kunishinda.

Uliza mtu yeyote pale Majimbo, mtaani kwangu. Unataka spea ya pikipiki ambayo iliacha kutengenezwa? Njuki. Unataka fundi wa vioo vya gari, wakili mwenye huruma, suti ya arusi ya bwana mwenye tumbo? Njuki! Wewe nipe jina la kitu, mimi nitakuambia jengo, ghorofa na jina la askari wa mlangoni.

Haya, sasa oneni picha.

Nimesimama katikati ya jiji, jua la utosi, mbele ya duka la wigi. Simu yangu inasema hapa ndipo kwa daktari wa akili. Macho yangu yanaona vichwa vya plastiki vimevaa nywele.

Nikageuka nimwambie ndugu yangu, "Buda, nadhani tumepotea kidogo..."

Kaberia hakuwa hapo.

Kushoto, hayuko. Kulia, hayuko...

Mgonjwa! Niliyekabidhiwa na mamake kwa mikono miwili! Mtu ambaye hajatoa neno tangu viazi vya msimu uliopita vichimbwe! Amemezwa na Nairobi, na simu yake iko kwa mfuko wangu mimi!

Nyinyi mngefanya nini? Najua. Mngepiga nduru. Mngekimbia mpaka kiatu kitoke.

Mimi nilimalizia mzaha niliokuwa nimeanza na dada wa wigi. Akacheka. Na mimi nikacheka, yaani, sauti ilitoka.

Ndipo nikaanza kutembea.

Moyo haukuruka hata kidogo. Nikajiambia, ona roho ngumu ya Njuki!

Lakini wacha tuanze mwanzo, msije mkanihukumu nusunusu.

Kaberia ni mtoto wa Tata Marcella, dada ya mamangu. Kwetu huyo si binamu, huyo ni ndugu, na ukimwita binamu mbele ya wazee utaulizwa ulisomea wapi hiyo dharau. Wao ni wa Kiirua, upande wa Meru, watu wa viazi na kabeji. Sisi ni wa Kibugu, watu wa chai, msitu unaanzia nyuma ya choo chetu. Mimi nilishuka Embu mjini nilipomaliza kidato cha nne. Napanga chumba Majimbo, katikati ya wiki nauza viatu vya mitumba, Jumamosi nashika maikrofoni kwenye sherehe za watu.

MC Njuki. Kama hujawahi kunisikia, pole, basi hujawahi kualikwa mahali.

Huyo Kaberia zamani alikuwa mtu wa stori. Mkulima, lakini mdomo wa kinyozi. Mwaka huu akaanza kupungua. Akaacha kanisa. Akaacha shamba. Mwisho akaacha kuongea kabisa. Siku nzima anakaa nje ya kinu cha kusaga mahindi pale sokoni, kando ya injini, unga unamwangukia kichwani kama mzee wa miaka mia. Ukimsalimia, anaangalia midomo yako ikisonga, basi.

Tata Marcella akanipigia.

"Njuki, mwana wakwa."

"Tata! Muga!" nikamsalimia kwa Kimeru.

"Leo wacha mchezo."

Nikaacha mchezo. Tata si mtu wa kurudia.

"Kaimenyi amepata mahali pa maombi," akasema. Kaimenyi ni shemeji yake, mkubwa wa ule ukoo, na akikohoa kikao kinafungwa. "Mtu akipelekwa huko anafungwa mnyororo mguuni. Anaombewa mpaka awe sawa."

"Na asipokuwa sawa?"

"Anabaki."



"Nimemwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi," akaendelea. "Nikipata daktari wa kichwa, ampe dawa tuone tofauti, sawa. Nisipopata, wanakuja na kamba. Njuki, huyo ni mtoto wangu. Hawezi kufungwa kama ng'ombe."

"Si madaktari wako hata Meru mjini?"

"Meru mjini! Yule wa kuita majina ya wagonjwa tunaimba na yeye kwaya! Kabla nifike nyumbani nitakuta watu wameleta sukari ya pole."

"Basi njooni Embu."

"Embu kuna mamako na kikundi chake. Nampenda dadangu, lakini siri kwake ni tangazo."

Hapo hakusema uongo.

"Ni Nairobi, mwana wakwa. Huko hatujulikani. Na wewe ndiye mdomo wetu."

Sasa wale si wa huku, wacha niwaeleze hiyo ya mdomo. Kila familia huku kwetu ina mtu wa mdomo. Mgonjwa akipelekwa mjini hapelekwi na mwenye nguvu. Anapelekwa na yule asiyeogopa watu wa ofisi, mwenye Kiswahili cha kunyooka na Kiingereza cha kutosha. Mgonjwa anakaa, mdomo unaeleza. Nyanya yangu alipasuliwa jicho na daktari hakuwahi kusikia sauti yake. Mimi ndiye nilisema panauma wapi.

Na alipona! Kwa hivyo msinicheke.

Majirani wa Kiirua wakaambiwa Kaberia ameenda kutafuta mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe. Tata akamleta mpaka kwangu Majimbo na nusu gunia la viazi. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaomba kwa Kimeru, amefunga macho. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na kikombe cha chai. Nilijua hilo ni jambo la kumtoa mtu machozi. Nililiona kabisa kwamba ni la machozi.

Nikamwambia Tata chai inapoa.

Basi nikaanza kazi. Nilidhani kutafuta daktari wa akili Nairobi ni kama kutafuta raba nyeupe sokoni Gikomba. Wewe ingia, uliza, chagua.

Nambari ya kwanza nilitoa mtandaoni.

"Halo, hiyo ni kliniki ya akili?"

"Ndiyo kaka, tuna ya akili, tuna ya nguvu, tuna ya kurudisha mpenzi."

Nikakata.

Nambari ya pili ikashikwa na mama mmoja mpole.

"Mimi ni mshauri," akasema. "Naongea na watu, lakini siandiki dawa. Mtu ambaye ameacha kuongea kabisa anataka daktari wa akili kwanza. Mimi nitakuwa hapa mkitoka kwake."

"Mama, na huyo daktari anapatikana wapi?"

"Hapo ndipo kuna kazi, kijana wangu. Wacha nikuulizie."

Nambari ya tatu:

"Daktari yuko."

"Asante Mungu!"

"Yuko Kanada."

Nambari ya nne:

"Nafasi iko mwezi wa kumi na moja."

"Dada, huu ni wa tano."

"Najua, kaka. Kalenda ninayo."

Kumbe jiji zima limejipanga mbele yako! Wewe unafikiri ni ndugu yako peke yake amenyamaza, kumbe kuna foleni ya walionyamaza inafika mwezi wa kumi na moja.

Huyo dada wa kalenda lakini alikuwa na roho nzuri. Akaniuliza, "Hasa mgonjwa anasumbuliwa na nini? Niambie, nione kama ni ya haraka."

Nikamwangalia Kaberia. Alikuwa amekaa kwenye godoro nililomtandikia sakafuni, mgongo kwa ukuta. Na yeye akaniangalia.

Nikafungua mdomo.

"Dada, ni hivi. Anaamka lakini hajaamka. Unanielewa? Mwili unatoka kitandani, mwenyewe anabaki. Chakula kikifika mdomoni ni kama anatafuna gazeti. Akiona kitu cha kuchekesha, anajua kinachekesha, vile unajua bei ya kitu ambacho hutanunua. Hana uchungu. Ukimuuliza kama anaumwa atakuambia hapana. Ni kama kuna dirisha, watu wako ndani wanaongea na kula, yeye yuko nje anawaona, na hata hasikii baridi."

"Haki," dada akasema polepole, "umeeleza vizuri mpaka nimeshikwa na kitu hapa kooni. Mpe pole."

"Ni kazi yangu."

Nikakata simu, nikamgeukia Kaberia kama mtu anayengoja makofi.

"Umeona vile nakutetea?"

Kaberia akaniangalia. Akaniangalia sana... Kisha akageukia ukuta.

Shukrani ya punda, nikasema moyoni.

Kila simu nilikuwa naongeza utamu. Nambari ya tano nikaongeza ile ya kusikia watu wakikuita jina lako na unaona kama wanamwita mtu uliyesoma naye zamani. Nambari ya sita nikaongeza ile ya Jumapili. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, sijui kutoka wapi. Nikadhani ni kipaji.

Siku ya pili Tata akapiga. Kaimenyi ashaongea na wenye gari la kumpeleka kwenye maombi.

Na siku hiyohiyo yule mama mshauri akarudisha simu, mimi hata nilikuwa nimemsahau.

"Kijana wangu, kuna daktari anaitwa Lenah. Kuna mtu ameahirisha. Ni kesho, saa nane. Mkichelewa nafasi inaenda kwa mwingine, na sijui nyingine itatoka lini."

"Mama, wewe ni malaika."

"Mimi ni mshauri," akasema. "Na wewe, unaendeleaje?"

"Mimi? Mimi niko fiti kama nyuzi za gitaa!"

 "Haya," akasema.

Ndiyo tukajikuta Nairobi, mbele ya wigi. Ramani ya simu haikuwa imeambiwa kwamba kliniki ilihama.

"Walihama kitambo," dada wa wigi akaniambia. "Pitia hapo nyuma, jengo la rangi ya maziwa, ghorofa ya tatu. Kila wiki naletewa mgonjwa mmoja hapa."

"Na unawafanyia nini?"

"Wengine hununua wigi."

Huo ndio mzaha nilikuwa namalizia, wakati ndugu yangu amepotea na saa nane inakuja.

Nikazunguka lile jengo. Uchochoro wa nyuma kulikuwa na jenereta kubwa inanguruma, moshi, mafuta chini, na askari amekunja uso. Na hapo ndipo alikuwa. Kaberia! Ameegemea ukuta kando ya jenereta, sikio karibu kuigusa, macho amefunga. Uso umetulia kama mtu ameoga maji ya moto baada ya siku nzima ya kuvuna.

"Huyu ni wako?" askari akapiga kelele. "Nimemfukuza, anarudi! Nikimfukuza, anarudi!"

"Ni wangu, mkubwa. Anapenda umeme."

Nikamgusa bega. "Buda! Ungeibiwa hapa! Ningemwambia nini mamako?"

Kaberia akafungua macho. Akaniangalia kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka kwa shati, akapumzika kwa uso. Shati langu lilikuwa kavu kabisa. Sikujua anatafuta nini hapo.

Tukapanda ghorofa ya tatu.

Sasa mimi nilitarajia kukuta watu wanaokula majani ya maua pale kwa viti. Nikakuta bwana mwenye tai. Nikakuta msichana wa shule na mamake. Nikakuta mama mmoja ana mfuko wa sukuma wiki, ni kama alipitia tu akitoka sokoni. Watu wa kawaida! Watu kama mimi. Runinga iko wazi, haina sauti. Hakuna anayemwangalia mwenzake.

Nikajaribu kuwachangamsha, si unajua kazi yangu. "Wapendwa, kwani tumekuja matanga?"

Mama wa sukuma wiki akainua macho. "Kaa chini, mwanangu," akasema, bila ubaya.

Nikakaa.

Tukaitwa. Daktari Lenah alikuwa mwanamke wa makamo, sweta ya kijani, miwani kwa kamba. Mimi huangalia viatu kwanza: vya ngozi, vimetengenezwa soli mara nyingi na havijatupwa. Nikamheshimu hapohapo.

"Karibuni. Mgonjwa ni nani?"

"Ni huyu, daktari. Anaitwa Kaberia. Haongei. Nitaongea mimi."

"Kaberia, habari yako?"

Kimya.

"Usijisumbue, daktari. Mimi ndiye mdomo."

Akaniangalia, akamwangalia Kaberia, akaegemea kiti. "Haya, mdomo. Niambie."

Jamani! Nikaleta yote. Kitanda, gazeti, dirisha, jina. Hata kwa sherehe zangu zote sijawahi kuongea vile. Daktari haandiki, anasikiza tu, mikono kwa meza.

"Analala?"

"Analala, lakini macho hayajui kama yamelala."

"Anafikiria kufa?"

"Hafikirii kufa, daktari. Hafikirii kuishi pia. Ni kama mtu amekaa steji na amesahau alikuwa anaenda wapi. Magari yanakuja, yanaenda. Hata hakasiriki."

"Ilianza lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa nane hivi."

Ilitoka tu. Nikashangaa nimeitoa wapi, kwa maana mwaka jana mwezi wa nane Kaberia alikuwa anaongea kama kasuku.

"Kulitokea nini?"

"Hakuna! Hiyo ndiyo shida yenyewe, daktari. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyemwacha. Kazi iko, chakula kiko, watu wanampenda. Angefiwa, watu wangekuja na sufuria, wakae na yeye. Sasa atawaita akawaambie nini? Njooni mnililie, hakuna kitu kimetokea?"

 Nje kulikuwa na mtu anapiga honi, anapiga honi, kama mwenye gari amelala juu ya usukani.

"Kwa hayo umeniambia," akasema, "ninajua dawa ningeanza nayo."

Nikapumua. Tata Marcella, tumeshinda! Kaimenyi, rudisha kamba yako!

"Lakini siandiki kitu kabla mwenyewe hajanijibu." Akasogeza kiti karibu na Kaberia. "Kaberia. Hutaki kuongea, ni sawa. Tingisha kichwa tu. Haya yote ndugu yako amesema, ndivyo unavyosikia?"

Kaberia akatingisha kichwa. Hapana.

Nikacheka. "Daktari, huyo hutingisha tu hata akiulizwa—"

"Hapana."

Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza, kama lango la shamba ambalo halijafunguliwa msimu mzima. Nilikuwa nimesahau ndugu yangu ana sauti gani.

"Hiyo si mimi," Kaberia akasema.



"Mimi nasikia watu," akasema, anaangalia meza. "Wanaongea siku yote. Mmoja ni mama. Mtu akinisalimia, na wao wananisalimia. Nikijibu mmoja, wote wanajibu. Nikaona wacha ninyamaze. Nikikaa kwa injini, siwasikii."

Daktari hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu ameletewa kitu alichokuwa anangoja.

"Asante, Kaberia. Hiyo imekuwa kazi kubwa kuisema. Na hiyo ina dawa yake, na ni tofauti kabisa na ile ningeanza nayo."

Akanigeukia mimi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kwa maana nilibaki kujigombeza mwenyewe. Ningeachwa niongee peke yangu, Kaberia angerudi Kiirua na dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Angemeza, sauti zingeendelea. Kaimenyi angesimama katikati ya boma aseme, mmeona? Si nilisema? Leteni mnyororo. Na mdomo wa familia ndio ungekuwa umemfunga.

"Sasa niambie, Kaberia," daktari akasema. "Haya mengine yote, ndugu yako ameyatoa wapi?"

Kaberia akainua kidole.

Akanionyesha mimi.

"Ni yake."

Ndugu yangu! Niliyemlisha! Niliyempa godoro! Anafungua mdomo mara ya kwanza tangu viazi vichimbwe, na anafungua kunichoma!

Na mimi nikafanya nini? Nisikieni aibu yangu. Nikacheka, nikamwinamia daktari kama mtu wa kupeana siri, nikasema, "Si umemsikia mwenyewe anasikia sauti? Utamwamini huyo?"

Daktari Lenah akavua miwani.

"Amesema anasikia sauti. Hajasema haoni."

Kaberia akaendelea, polepole, anachagua neno moja moja kama anatoa mawe kwa mchele.

"Nimelala kwake. Nimemwona. Anapika ugali, anakaa chini anaiangalia, halafu anaosha sufuria. Simu ikilia anacheka, ha ha ha, watu wanafurahi. Akikata, uso unaanguka. Hata hauanguki, unazima. Jumapili alivaa suti ya kanisa, akafunga tai, akakaa kwa kitanda mpaka watu wakatoka kanisa. Halafu akavua."

"Nilikuwa nimechelewa," nikasema.

"Ulikuwa umevaa kabla ya kengele."

Akamgeukia daktari.

"Leo nilitoroka," akasema. "Nikasema, akinikosa atashtuka. Atakimbia. Hata kama ni hasira, atakuja na hasira. Alikuja akitembea. Shati ilikuwa kavu."

Hapa ndipo kwa simulizi zingine mtu husema machozi yalimtiririka. Najua mnayangoja. Hayakuja. Nilikaa hapo nikiangalia soli ya kiatu cha daktari. Nilitafuta mzaha kichwani, vile mtu anatafuta kiberiti gizani stima zikipotea, anapapasa kila mahali anapojua kilikuwa. Mezani hakuna. Dirishani hakuna.

Mzaha haukuwepo mahali popote.

Ilikuwa mara ya kwanza nimekaa na watu na sina la kusema. Na unajua nini? Hawakuondoka.

Kabla sijaendelea, wacha niwatulize wale wa roho nyepesi. Kaberia alipewa dawa yake yake. Kuipima sawasawa kulichukua muda, ya kwanza ilimfanya alale kama gunia, wakaipunguza. Siku moja Tata Marcella alimpeleka kwa Kaimenyi mwenyewe, akamwambia, "Msalimie baba yako mkubwa." Kaberia akamsalimia, akamuuliza mbegu za viazi amepata wapi mwaka huu. Mzee alikohoa na kikao hakikufungwa. Kamba tangu siku hiyo sijaisikia. Sauti bado anazo, lakini anasema sasa ni kama redio ya jirani. Iko, lakini si yako, na unaweza kupalilia huku ikiongea.

Na funzo? Ndiyo, liko, mimi si mtu wa kuwatoa hapa mikono mitupu.

Ukipeleka mtu wako kwa daktari, mwache aongee mwenyewe, hata kama ni neno moja kwa saa moja. Na ukijikuta unaeleza ugonjwa wa mwenzako vizuri kumshinda mwenyewe, mpaka watu wa simu wanashikwa koo, simama kidogo. Jiulize hiyo hadithi umeijuaje. Tena usingoje kitu kibaya kitokee ndio upate ruhusa ya kuumwa. Hakuna ofisi inatoa hiyo ruhusa. Mimi niliingoja karibu mwaka mzima.

Nilitaka kuishia hapo, mnipigie makofi, tuachane vizuri.

Lakini kuna ile dakika ya mwisho mle ndani, na kuna mtu amesema nisipoiweka ataiandika yeye mwenyewe hapo chini kwa maoni.

Daktari Lenah aligeuza kiti chake. Alikuwa ameangaliana na Kaberia, sasa akaangaliana na mimi. Magoti yetu karibu kugusana.

"Njuki," akasema. "Ndiyo jina lako?"

"Ndiyo, daktari. Lakini mimi nilikuja kusindikiza tu."

"Najua. Tutaongea kidogo tu, kama watu wanaosindikizana."

"Mimi niko sawa. Ni uchovu. Msimu wa sherehe huu, unajua..."

"Leo umekula?"

"Nimekula! Asubuhi, kabla tutoke Embu. Chai na mandazi, kubwa, za moto. Hata nilisikia utamu kabisa."

Daktari hakuniangalia mimi. Alimwangalia Kaberia.

Kaberia alifuta mdomo kwa kiganja, kama bado una mafuta.

"Alinipa mimi zote," akasema.